Viza Imefutwa, Akaunti Je? Utambulisho na Maneno ya Siri katika Mashirika ya Dubai

Makala haya yanaelekea Dubai, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, mji ambao Waafrika Mashariki wengi wanaishi na kufanya kazi katika hoteli, maduka, maghala, makampuni ya usafirishaji na vituo vya kupokea simu za wateja. Mada ya leo ni jambo ambalo kila mmoja wao hukutana nalo mara tu anapoketi mbele ya kompyuta asubuhi, nalo ni neno la siri, ambalo wengine huliita nywila, pamoja na fani nzima iliyojengeka nyuma ya neno hilo.

Mfanyakazi mgeni anapomaliza mkataba wake Dubai, taratibu za kuondoka hujulikana vyema. Mwajiri huomba viza ya ukaazi ifutwe. Mfanyakazi hutia saini kuthibitisha kwamba amelipwa haki zake, hurudisha funguo za ofisi, laini ya simu ya kampuni na kadi ya mlangoni, kisha hufunga mizigo. Kila kimoja kati ya vitu hivyo kina fomu yake na mtu wa kukipokea. Hata hivyo, kuna kitu kimoja ambacho mara nyingi hakina fomu wala mpokeaji, nacho ni akaunti yake ya kompyuta. Mwenyewe ameshafika Mombasa, Tanga au Kampala, viza imefutwa, lakini jina lake na neno lake la siri bado vinafungua mfumo wa malipo wa kampuni. Wataalamu wa fani hii wanasema kwamba swali la kwanza la usalama wa kompyuta katika shirika lolote ni hili: nani bado ana ufunguo?

Inafaa kuashiria hapa kwamba neno la siri la kompyuta lina umri wa zaidi ya miaka 60. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, MIT, nchini Marekani, mtaalamu Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo uitwao CTSS, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961. Mfumo huo uliwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kwa kuwa mashine ilikuwa moja na watumiaji walikuwa wengi, ilibidi kila mtu awe na mafaili yake yaliyofungwa, na njia nyepesi kabisa ilikuwa kumpa kila mmoja neno lake. Haikuchukua muda mrefu kabla ya njia hiyo kuonyesha udhaifu wake. Mwaka 1962 mwanafunzi wa shahada ya udaktari, Allan Scherr, ambaye hakutosheka na saa alizogawiwa, aliiagiza mashine ichapishe faili lililokuwa na maneno yote ya siri, na akapata orodha nzima kwenye karatasi.

Somo la kisa hicho lilifafanuliwa kitaalamu mwaka 1979, pale Robert Morris na Ken Thompson wa maabara za Bell walipoeleza jinsi maneno ya siri yanavyopaswa kuhifadhiwa. Kwa mujibu wa njia hiyo, kompyuta haihifadhi neno lenyewe, bali matokeo ya hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma. Mfano wake ni mahindi na unga: unga hutokana na mahindi, lakini hakuna awezaye kuugeuza tena kuwa punje. Mtumiaji anapoandika neno lake, mashine hulisaga upya na kulinganisha unga kwa unga. Aidha, wataalamu hao waliongeza kile kinachoitwa chumvi, yaani herufi za kubahatisha zinazochanganywa na neno kabla ya kusagwa, ili watu wawili wenye neno moja wasitoe unga unaofanana. Pamoja na hayo, mwaka 2009, miaka 30 baadaye, kampuni ya RockYou ya Marekani ilidukuliwa, na ikabainika kwamba maneno ya siri ya watumiaji wapatao milioni 32 yalikuwa yamehifadhiwa bila kusagwa. Neno lililotumiwa na watu wengi kuliko yote lilikuwa 123456.

Hali huwa ngumu zaidi ndani ya shirika kubwa, ambamo mtu mmoja huhitaji kuingia katika mifumo mingi. Chukulia mfano wa karani wa mapokezi katika hoteli. Kuna mfumo wa kuhifadhi vyumba, mfumo wa malipo ya wageni, barua pepe, mfumo wa kuomba likizo, na mwingine wa kuandika saa za kuingia na kutoka kazini. Iwapo kila mfumo una orodha yake ya watumiaji, karani huyo atakuwa na maneno matano ya kukumbuka. Atafanya nini? Ama atayaandika kwenye karatasi na kuibandika chini ya kibodi, ama atatumia neno moja kwa yote matano. Kwa vyovyote vile, usalama umekwisha potea, na kosa si la karani bali ni la aliyeipanga mifumo hiyo.

Tiba ya tatizo hilo ni daftari kuu moja la watumiaji, ambalo mifumo mingine yote hulirejea. Katika miaka ya 1980, MIT ilianzisha utaratibu uitwao Kerberos, ambao mtumiaji huthibitisha utambulisho wake mara moja kisha hupewa tiketi ya kielektroniki ya kuingilia kwingine. Mwaka 1993 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa lugha ya LDAP, ambayo kwayo mifumo huliuliza daftari kuu habari za mtumiaji. Mwaka 2000 kampuni ya Microsoft iliziunganisha fikra hizo mbili katika Active Directory, ambayo hadi leo ndiyo daftari kuu katika maelfu ya ofisi duniani, zikiwemo za Dubai na za Afrika Mashariki.

Mkazi wa Dubai huielewa fikra hiyo kwa urahisi, kwani huibeba mfukoni. Kadi ya Nol, iliyoanza kutumika mwaka 2009 pamoja na treni ya metro, humwezesha msafiri kupanda metro, basi na tramu bila kununua tiketi mpya kila anapobadilisha chombo. Kuingia mara moja katika mifumo ya kompyuta hufanya kazi namna hiyo hiyo. Ila tofauti moja isisahaulike: anayeiokota kadi ya Nol hupata nauli iliyobaki tu, ilhali anayeiba utambulisho mmoja wa mfanyakazi hupata milango yote. Ndiyo maana mlango mmoja unahitaji uthibitisho wa pili, kama vile simu ya mkononi au alama ya kidole.

Baada ya daftari kuu kupatikana, linakuja suala la nani aandikwe humo na kwa jina gani. Hapa ndipo Dubai inapokuwa shule yenye mafunzo mengi, kwani wakazi wake walio wengi mno ni wageni kutoka pembe zote za dunia. Jina la Muhammad peke yake laweza kuandikwa kwa herufi za Kilatini Mohamed, Mohammed au Muhammed, na karani wa ofisi moja akaliandika tofauti na karani wa ofisi jirani. Kwa upande wa Waswahili, mtu hujulikana kwa jina lake, jina la baba na jina la babu, wala hana jina la ukoo kama linavyodaiwa na fomu nyingi. Matokeo yake ni kwamba idara ya utumishi humwandika kwa jina la babu, idara ya kompyuta humwandika kwa jina la baba, na mtu mmoja huonekana kuwa watu wawili. Anapoondoka, akaunti moja hufungwa na nyingine hubaki wazi, kwa sababu hakuna ajuaye kwamba zote zilikuwa zake.

Jawabu la tatizo hilo ni kumtambua mtu kwa namba. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako mamlaka ya vitambulisho iliundwa mwaka 2004, kitambulisho cha kila mkazi kina namba yenye tarakimu 15. Namba hiyo huanza na 784, ambayo ni alama ya nchi hiyo katika viwango vya kimataifa, ikifuatiwa na mwaka wa kuzaliwa, tarakimu saba, na tarakimu moja ya mwisho ya kuhakiki kwamba namba haikukosewa. Shirika linalofuata mwenendo huo humpa kila mfanyakazi namba yake, wala haimpi mtu mwingine namba hiyo hata baada ya mwenyewe kuondoka.

Serikali ya Dubai nayo ilikabiliwa na tatizo la madaftari mengi. Mkazi alihitaji akaunti moja kwa maji na umeme, nyingine kwa barabara, na nyingine kwa makazi. Mwaka 2018 ulizinduliwa utambulisho wa pamoja wa kidijitali uitwao UAE PASS, kwa ushirikiano wa mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo na taasisi za kidijitali za Dubai na Abu Dhabi. Mtumiaji huthibitishwa kwa kitambulisho chake na sura yake, kisha simu yake ndiyo inayokuwa ufunguo wa kuingilia huduma na hata kutia saini nyaraka. Mwezi Desemba mwaka 2021 Dubai ilitangaza kwamba taasisi zake 45 za serikali zimeacha kabisa kutumia karatasi katika shughuli zake, na kwamba zaidi ya karatasi milioni 336 zimeokolewa. Penye karatasi, saini ya wino ndiyo ushahidi. Karatasi ikiondoka, utambulisho wa kidijitali ndio unaobaki kuwa saini, na anayeupoteza amepoteza mkono wake wa kutilia saini.

Wapenzi wasikilizaji, wanaofundisha fani hii huigawa safari ya mfanyakazi katika hatua tatu: anaingia, anahama, anaondoka. Hatua ya kwanza haina tabu kubwa, kwa kuwa mgeni asipofunguliwa akaunti hulalamika siku hiyo hiyo. Hatua ya pili ni ya hatari zaidi, kwa sababu anayehamishwa idara hupewa ruhusa mpya bila kuvuliwa zile za zamani. Mhasibu aliyekuwa akisajili majina ya wauzaji huhamishiwa kitengo cha kuidhinisha malipo, na sasa peke yake anaweza kumsajili muuzaji hewa na kumlipa. Huenda ni mwaminifu kabisa. Lakini mwizi akilipata neno lake la siri, hatahitaji msaada wa mtu wa pili.

Ama hatua ya tatu, ya kuondoka, ndiyo iliyowagharimu wengi. Mwaka 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani, inayosafirisha karibu nusu ya mafuta yanayotumika katika pwani ya mashariki ya nchi hiyo, ililazimika kulifunga bomba lake lenye urefu wa kilomita zipatazo 8,800. Wadukuzi waliingia kwa akaunti ya zamani ya kuunganishwa na mtandao wa kampuni kutoka mbali, akaunti ambayo haikuwa ikitumika tena lakini haikuwa imefungwa. Akaunti hiyo ilikuwa na neno la siri tu, bila uthibitisho wa pili. Kampuni ililipa fidia ya dola milioni 4.4 hivi, ambazo sehemu yake ilirejeshwa baadaye na serikali ya Marekani. Foleni ndefu zilishuhudiwa katika vituo vya mafuta vya majimbo kadhaa, na chanzo chake kilikuwa ufunguo mmoja ambao hakuna aliyekumbuka kuudai.

Kinga dhidi ya hali hiyo haihitaji mashine ya bei ghali. Idara ya utumishi, ambayo ndiyo inayojua nani ameajiriwa na nani ameondoka, inapaswa kuwa chanzo cha daftari kuu. Siku ya mwisho ya mkataba inapoandikwa huko, akaunti inapaswa kufungwa siku hiyo hiyo, wala si mwezi unaofuata. Katika mji kama Dubai, ambako kufutwa kwa viza ni jambo lenye tarehe na kumbukumbu, kufungwa kwa akaunti kunaweza kuwekwa kwenye fomu ile ile, mstari mmoja chini ya kurudisha funguo. Zaidi ya hayo, kila baada ya muda maalumu wakuu wa idara wanapaswa kupitia orodha ya walio chini yao na kulisemea kila jina: huyu yupo, huyu amehama, huyu hatumjui.

Kwa upande wa maneno ya siri yenyewe, ushauri umebadilika sana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ulioandikwa na Bill Burr, ulihimiza maneno yenye mchanganyiko wa herufi kubwa, tarakimu na alama, na yanayobadilishwa mara kwa mara. Ushauri huo ulienea duniani kote, na matokeo yake yalikuwa watu kuongeza tarakimu 1 mwishoni mwa neno, kisha 2, kisha 3. Mwaka 2017 taasisi hiyo iliubadilisha mwongozo wake, na Burr mwenyewe, aliyekuwa amestaafu, alisema kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Mwongozo mpya unapendelea maneno marefu yanayokumbukika, unataka maneno yaliyokwisha kuvuja yakataliwe, na hautaki watu walazimishwe kubadilisha neno bila dalili kwamba limeibwa. Sentensi fupi ya Kiswahili, yenye maneno manne au matano yasiyohusiana, ni imara kuliko neno fupi lililojaa alama.

Hata hivyo, neno imara halisaidii iwapo mtu anaweza kupiga simu na kupewa jipya. Mwezi Septemba mwaka 2023 kampuni ya hoteli ya MGM Resorts ya Marekani ilipata hasara iliyokadiriwa kufikia dola milioni 100, katika shambulio ambalo kwa mujibu wa ripoti nyingi lilianza kwa mtu kulipigia simu dawati la msaada na kujifanya mfanyakazi. Mwaka 2025 kampuni ya maduka ya Marks & Spencer ya Uingereza nayo ilishambuliwa, na mwenyekiti wake aliwaambia wabunge kwamba washambuliaji waliingia kwa kujifanya mtu mwingine. Habari hizi zinawagusa vijana wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee, kwa kuwa wengi wao ndio wanaopokea simu kama hizo. Mtu anapiga akiwa na haraka, anasema kwamba ni meneja, kwamba yuko uwanja wa ndege, kwamba amesahau neno lake. Heshima aliyofunzwa kijana nyumbani inamwambia amsaidie mkubwa. Kanuni ya kazi inamwambia akate simu kwa adabu, ampigie meneja huyo kwa namba iliyomo katika daftari la kampuni, kisha ndipo amsaidie. Shirika linalojali usalama wake humlinda kijana huyo kwa maandishi, ili asiadhibiwe kwa kumchelewesha meneja wa kweli.

Vilevile, liko suala la kuazimana maneno ya siri. Mwenzako amechelewa, anakuomba umwingilie kwenye mfumo wa mahudhurio; msimamizi hayupo, mnatumia neno lake kufunga hesabu. Wengi huuona huo kuwa undugu. Lakini kumbukumbu za kompyuta haziandiki undugu, zinaandika jina la mwenye akaunti. Fedha zikipotea, aliyeazimisha neno lake ndiye atakayeulizwa kwanza. Isitoshe, sheria ya Umoja wa Falme za Kiarabu ya kupambana na uvumi na uhalifu wa mtandaoni, iliyotolewa mwaka 2021 na kuanza kutumika Januari 2022, inafanya kuingia katika mfumo bila ruhusa kuwa kosa la jinai, na kupata neno la siri la mwingine bila idhini nako ni kosa. Kwa mgeni anayeishi kwa viza ya kazi, kesi ya namna hiyo yaweza kumaanisha faini, kifungo na kupoteza riziki.

Waafrika Mashariki wanaijua hatari hii tangu nyumbani. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, mamilioni ya watu wamejifunza kwamba namba ya siri ya simu haitajwi hata kwa wakala anayetoa fedha. Aliyejifunza hivyo kibandani kwa wakala hahitaji kufundishwa upya msingi huo ofisini Dubai. Anahitaji kuutumia tu. Nako Dubai hali inazidi kusonga mbele: mwaka 2025 benki za nchi hiyo zilianza, kwa maelekezo ya Benki Kuu, kuachana na namba za siri za matumizi ya mara moja zinazotumwa kwa ujumbe mfupi, na kumtaka mteja athibitishe malipo ndani ya programu ya benki. Makampuni ya Apple, Google na Microsoft nayo yalitangaza mwaka 2022 kuunga mkono kwa upana funguo za kidijitali zinazokaa ndani ya simu au kompyuta, ambazo mtumiaji hana neno la kukumbuka wala la kumtajia mwizi.

Je, kijana anayetaka kujifunza fani hii aanzie wapi? Programu za bure kama OpenLDAP na Keycloak zinaweza kuwekwa katika kompyuta ya kawaida, na mwanafunzi akajenga daftari kuu la shirika la kufikirika lenye watu ishirini, akawaajiri, akawahamisha na kuwaondoa. Zoezi hilo, likifanywa kwa makini, hufundisha zaidi ya kukariri majina ya bidhaa. Lakini kabla ya kugusa programu yoyote, afanye jambo moja kwa kalamu na karatasi: aandike orodha ya mifumo yote ya mahali anapofanyia kazi, na mbele ya kila mfumo aandike nani anaweza kuingia na nani aliyemruhusu. Ambapo hatapata jibu, hapo ndipo kazi ilipo.

Wapenzi wasikilizaji, nyumba haiibiwi kwa sababu kufuli lake ni dogo tu. Huibiwa pia kwa sababu mpangaji wa zamani hakudaiwa ufunguo. Mfanyakazi anayeondoka Dubai leo jioni ana haki ya kuondoka akiwa huru, bila akaunti yenye jina lake kubaki nyuma ikifanya mambo asiyoyajua. Basi na aulize, kabla ya kupanda ndege, kama imefungwa, na aombe jibu hilo kwa maandishi.